Jigso ya kuchora mwenyewe kwenye Inkscape: chora mikato, usichore vipande

KalamuYaLeza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Kuna malalamiko yanajirudia kila siku kwa wenye mashine za kukata kwa leza: mtu kachora jigso yake (picha ya kukatwa vipande na kuunganishwa upya) vizuri tu kwenye Inkscape, programu ya bure ya kuchora, kaipeleka mashineni, imetoka na kingo nyeusi, vipande vinacheza, na kazi imekula muda maradufu. Lawama zote anapewa mashine. Mimi nasema tuanze kuangalia mchoro.

Wengi wanaanza kwa kuchora kipande. Kimoja kinachorwa na ndimi zake (zinazochomoza) na matundu yake (zinamoingia ndimi za jirani), kinafungwa, kisha anakuja jirani yake, anaegemezwa pembeni. Kwa macho hiyo ni jigso safi. Kwa leza, kila mpaka kati ya vipande viwili ni mistari miwili iliyolaliana, na mashine itaipita yote miwili bila kuuliza.

Tupige hesabu kwa karatasi ya A3, milimita 297 kwa 420. Weka safu mlalo 15 na safu wima 21, unapata vipande 315 vya karibu milimita 20 kwa 20. Mipaka ya ndani iliyosimama ni 20 × 15 = 300, iliyolala ni 14 × 21 = 294, jumla 594. Mpaka mmoja wenye ulimi, ukiunyoosha, una kama milimita 30. Kwa hiyo mikato ya ndani ni karibu mita 18. Ukichora vipande vilivyofungwa, leza inatembea karibu mita 36 kwa kazi ileile, na safari ya pili inapita kwenye ufa ambao tayari uko wazi. Haikati kitu, inachoma kingo na kuupanua ufa.

Sasa iangalie jigso hiyohiyo kwa upande mwingine. Ni mistari 20 inayoshuka kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, mistari 14 inayovuka kutoka kushoto hadi kulia, na fremu moja. Vitu 35 basi. Vipande 315 vinajitokeza vyenyewe pale mistari inapokutana, wala huna haja ya kuchora hata kimoja.

Kinachobaki ni kuchora mpaka mmoja vizuri. Fungua hati mpya ya milimita, chora mstari wowote, fungua kihariri cha XML, kinachoonyesha mchoro kama maandishi (Shift+Ctrl+X), na kwenye sifa ya "d" bandika hii:

M 0,0 C 4,0 10,-2 8,2 C 6,6 14,6 12,2 C 10,-2 16,0 20,0

Huo ni mpaka wa milimita 20 wenye ulimi unaochomoza milimita 5. Kila C ni mkunjo wa Bézier, jozi zake mbili za mwanzo za namba ni vishikio (nukta zinazouvuta mkunjo) na jozi ya mwisho ni nodi (nukta ambayo mstari unapitia). Mikunjo iko mitatu: bega, kichwa, bega. Shingo inatoka milimita 3.2 na kichwa 4.6. Tazama jinsi kishikio (10,-2), nodi (8,2) na kishikio (6,6) vilivyokaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ndiyo sababu hakuna kona shingoni. Ukisogeza kishikio kimoja ukamwacha mwenzake, kona inazaliwa hapo, mashine inapunguza mwendo kuipinda, na panaungua. Vilevile mwanzo (4,0) na mwisho (16,0) viko usawa wa msingi, ili mpaka unaofuata uungane bila kuvunjika.

Ulimi wa kuelekea upande wa pili:

M 0,0 C 4,0 10,2 8,-2 C 6,-6 14,-6 12,-2 C 10,2 16,0 20,0

Mnaweza kugeuza kwa kitufe cha V, lakini V inageuza umbo kwenye katikati yake lenyewe, si kwenye mstari wa msingi, kwa hiyo ncha zitahama na mtalazimika kuzirudisha. Kubadilisha alama ni haraka zaidi.

Baada ya hapo washa kunasa (kitufe cha %), ili ncha zivutwe zikutane sawasawa, nakili kwa Ctrl+D, panga mipaka ncha kwa ncha ukichanganya ya juu na ya chini bila mpangilio, kisha Ctrl+K. Wengi wanaishia hapo, na hapo hapajaisha. Ctrl+K inakusanya mistari iwe kitu kimoja, ila ncha bado hazijashikana. Chukua zana ya nodi, chagua zote isipokuwa ncha mbili za mwisho za mstari mzima (la sivyo nazo zitaunganishwa), kisha Shift+J. Usipofanya hivyo leza inaona vijistari vifupi vingi na inaweza kurukaruka ubao mzima badala ya kuteremka mstari mmoja mfululizo.

Kwa plaiwudi ya milimita 3 mimi sipendi shingo nyembamba kuliko unene wa ubao. Ndiyo maana 3.2 hapo juu.

---

chipukizi_wa_vekta

Naweka kambi hapa. Mkuu, samahani kwa swali la kitoto, lakini si kuna jenereta za bure mtandaoni? Unaandika idadi ya safu, unapakua faili ya mchoro ya SVG, umemaliza.

---

KalamuYaLeza

Zipo na ni nzuri, na nyingi zinatoa mistari mirefu kama nilivyoeleza. Zitumie kwa picha ya kawaida. Lakini jenereta haijui picha yako ina nini. Haitajua kwamba mkato umepita katikati ya jicho la mtu, au kwamba robo nzima ya picha ni anga la buluu tupu na hapo ndipo palihitaji vipande vyenye sura tofauti. Ukijua kuchora mpaka mmoja, hata faili ya jenereta utaweza kuirekebisha.

---

mzee_wa_msumeno

Vijana, mnagundua upya alichokijua kila aliyeshika msumeno wa uzi. Msumeno unakata njia, haukati kipande. Unapasua ubao kwa mapana, unapata vipande virefu, kisha unavirudia kwa urefu. Hakuna mtu mwenye akili zake anayepita njia moja mara mbili.

Na kabla ya ndimi kulikuwa na mipaka tu. John Spilsbury, mchongaji ramani wa London, miaka ya 1760 alikuwa akibandika ramani kwenye ubao wa mahogani na kuikata kufuata mipaka ya nchi, watoto wajifunze jiografia. Kwa hiyo mkato kufuata kilichomo kwenye picha ndio wa kwanza kabisa, gridi imekuja baadaye. Gridi ilishamiri pale kadibodi ilipoanza kukatwa kwa shinikizo, kwa bamba lenye visu vya chuma vilivyokunjwa. Bamba moja, picha elfu.

Nyie wa leza hamna bamba. Kila jigso inaweza kuwa na mkato wake. Sasa kwa nini mnang'ang'ania gridi?

---

Nukta7

Mzee kanitangulia, ila niongeze hesabu, maana mwanzisha uzi kapita haraka kwenye jambo zito.

Ukitumia ulimi uleule kila mahali, ukabadilisha tu kuchomoza na kuingia, kipande cha ndani kina pande nne na kila upande una hali mbili: michanganyiko 16. Kipande kinazungushwa mkononi, kwa hiyo ondoa inayofanana kwa kuzungusha, yanabaki maumbo 6: ndimi nne, ndimi tatu, mbili zinazotazamana, mbili zilizo jirani, moja, na matundu matupu. Basi. Jigso ya A3 hapo juu ina vipande vya ndani 13 × 19 = 247. Vipande 247, maumbo sita. (Ndiyo, upande mmoja ni 19.8 na mwingine 20. Tofauti hiyo mkono hauisikii.)

Matokeo yake kwenye anga la buluu ni kwamba kipande kinaingia, kinakaa, kinabana, na si mahali pake. Mchezaji anagundua mwishoni kabisa. Wachezaji wazoefu hilo hawalisamehi.

Dawa ni kusogeza ulimi kwenye mpaka. Ongeza namba ileile kwenye x za sehemu ya kati tu, mabega yaache. Kusogeza milimita 2 kulia:

M 0,0 C 4,0 12,-2 10,2 C 8,6 16,6 14,2 C 12,-2 16,0 20,0

Mstari wa vishikio haukuvunjika kwa sababu nodi na vishikio vyake vimehama pamoja. Tengeneza hatua kadhaa, mfano -2, -1, 0, 1, 2, kila moja kwa juu na kwa chini, na tayari una mipaka 10 ya kuchanganya. Msiweke hatua ndogo mno. Ikiwa upana wa mkato ni milimita 0.2, ndimi zilizopishana 0.2 zitaingiliana tu.

Msizidishe pia. Chukua kipande ambacho matundu mawili ya pande jirani yanaingia ndani yake, na yote yamesogezwa kuelekea kona moja. Kwa milimita 2 kila moja, kati yao panabaki ubao wa karibu milimita 2.5. Kwa 3, panabaki kama 1, na patavunjika. Kwa 4 mikato inakutana na kona yote ya kipande inadondoka.

---

chipukizi_wa_vekta

Kumbe! Mimi nilidhani mkato ukibana ndiyo ushahidi kwamba kipande ni sahihi.

---

DadaVekta

Nukta7 yuko sahihi kwa jigso ya watu wazima. Ya mtoto mdogo yenye vipande 12 vikubwa, wala usihangaike na hayo, rangi zitamwongoza. Hapo jali ukubwa wa shingo na uviringo wa kona.

Mie nimekuja kwa ajili ya vipande vyenye sura, vile vya ndege, ufunguo, samaki, vilivyofichwa katikati ya mkato wa kawaida. Kampuni ya Parker Brothers ya Marekani iliviweka kwenye jigso zake za mbao mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo ndivyo vinavyofanya mtu aikumbuke jigso. Watu wanavikosea kwa kuvibandika juu ya gridi na kuacha mistari ipite katikati yake. Ndege wako atatoka vipande vinne.

Mpangilio wangu ni huu. Sura inachorwa kwanza, gridi baadaye, si kinyume. Ukishapata mistari yote, iunganishe kwa Ctrl+K iwe kitu kimoja. Nakili ile sura kwa Ctrl+D, nakala ikae juu, chagua nakala pamoja na mistari, kisha Ctrl+Alt+/. Amri hiyo inataka vitu viwili tu, ndiyo maana ya kuunganisha kwanza. Mistari inakatika pale inapogusa sura, nakala inapotea, sura yenyewe inabaki. Unafuta vijistari vilivyo ndani ya tumbo la ndege na kazi imekwisha. Msitumie Ctrl+/ kwa mistari iliyo wazi, ile inaichukulia kana kwamba imefungwa na itawaletea takataka.

Halafu izungukie sura kwa jicho. Vijipande vidogo vitakuwa vimezaliwa pale mstari ulipogusa bawa kwa pembe finyu. Hapo hamisha mstari, usihamishe bawa. Na umbo lisilo na mahali pembamba pa kushikwa, mfano yai, halishiki kitu: ukiinua jigso linadondoka peke yake. Sura nzuri ina shingo, mkia, kiuno, kitu cha jirani kukumbatia.

---

mzee_wa_msumeno

Dada kasema kweli tupu. Na mstari ukifika kwenye sura, ufike karibu na pembe mraba.

---

fundi_plaiwudi

Nauliza kuhusu kulegea. Nimefuata yote, mstari mmoja, hakuna marudio, bado vipande vinacheza kidogo. Mkato wa leza yangu unakula kama milimita 0.2. Nikivipanua vipande kidogo kwenye programu si vitabana?

---

KalamuYaLeza

Ukitumia mstari wa pamoja, hakuna cha kupanua mkuu. Mstari mmoja ndio mpaka wa vipande viwili. Ukiusogeza umpe huyu, umemnyang'anya yule. Ufa utabaki 0.2 popote utakapouweka.

Unachoweza kubadilisha ni umbo. Kwa ule ulimi wa mwanzo, kichwa ni 4.6 na shingo 3.2. Mkato wa 0.2 unamega 0.1 kila upande: kichwa kinabaki 4.4, mlango wa tundu unafunguka hadi 3.4. Bado kichwa kimezidi mlango kwa milimita nzima, nusu kila upande. Kwa hiyo kipande kitacheza kidogo lakini hakitachomoka ukikivuta. Ukitaka kupunguza kucheza huko, punguza ufa wenyewe: fokasi sahihi, lenzi safi, nguvu isiyozidi inayohitajika.

---

DadaVekta

Kuna njia nyingine, ya gharama. Chapisha picha mbili zinazofanana, mbao mbili. Paka gridi kama ubao wa drafti. Kwenye ubao wa kwanza kata vipande "vyeusi" tu, vikiwa vimefungwa na kupanuliwa nje milimita 0.1. Kwenye wa pili kata "vyeupe" tu, vimepanuliwa hivyohivyo. Ukivikutanisha, ufa umejazwa. Nusu ya kila ubao inaenda kwenye taka.

Na hapo, KalamuYaLeza, inabidi uchore vipande vilivyofungwa, kinyume na kichwa cha uzi wako :)

---

KalamuYaLeza

Nakubali kwa hiyo moja. Ila hata hapo mimi ningechora mistari kwanza, nikaipa programu ivunje iwe vipande. Kuchora vipande 315 kwa mkono sitaki hata kufikiria.

---

mkemia_wa_zamu

Naingilia kati kwa jambo la usalama, kwa sababu naona watu wanazungumzia kubandika picha kwenye plaiwudi. Picha iwe ya karatasi. Stika za plastiki za kuchapishia mabango mara nyingi ni PVC, na PVC ikichomwa na leza inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni. Ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Inadhuru mapafu na inakula vyuma na lenzi za mashine. Kama hujui stika yako imetengenezwa kwa nini, usiikate.

---

chipukizi_wa_vekta

Asante sana kwa hilo, nilikuwa karibu kabisa kununua stika.

Swali la mwisho. Faili yangu ya milimita 420 inafunguka kwenye programu ya leza ikiwa 560. Nimefanya nini?

---

Nukta7

Hujafanya kitu. SVG yako inahesabu nukta 96 kwa inchi na programu ya pili inadhani ni 72. 420 × 96 ÷ 72 = 560. Ukiona 315 ni kinyume chake. Na ukifungua faili ya Inkscape ya zamani, ya kabla ya toleo 0.92 la mwaka 2017, unaweza kuona 393.75, kwa sababu zile zilihesabu 90.

Weka mraba wa milimita 100 kwenye pembe ya kila faili, kwenye tabaka lake. Ukifungua upande wa pili upime kwanza huo, kisha uufute. Ukihamisha mchoro kwa faili ya aina ya DXF, chagua milimita waziwazi, na uangalie kama mikunjo imebaki mikunjo. Baadhi ya njia za kuhamisha zinaivunja iwe vijistari vifupi vilivyonyooka, na leza inaanza kutetemeka kwenye vichwa vya ndimi.

---

fundi_plaiwudi

Nimejaribu kukata picha ikiwa imelala kifudifudi ili moshi usiichafue. Uso umetoka safi, lakini ndege wa DadaVekta amekaa juu ya paa la nyumba badala ya kwenye mti.

---

DadaVekta

Ukigeuza ubao lazima ugeuze na mchoro. Chagua vyote kwa pamoja, mistari, sura na fremu, kisha H. Gridi tupu haikuonyeshi kosa hilo kwa sababu inafanana pande zote, sura ndizo zinazokuumbua. Weka pia alama mbili ndogo nje ya fremu, kwenye pembe mbili zinazotazamana, zitobolewe kabla ya kugeuza, ndiyo njia ya kujua ubao umerudi palepale.

---

mzee_wa_msumeno

Na fremu iwe ya mwisho kukatwa. Ukianza nayo, ubao mzima unaachia, ukihama hata kidogo mistari iliyobaki haikutani tena. Mistari ya ndani kwanza, sura kabla ya mistari inayoishia kwake, fremu mwisho. Kwenye programu nyingi unaipa kila kundi rangi yake na kupanga rangi ipi itangulie.

---

KalamuYaLeza

Nitaweka faili ya ile mipaka 10 ya Nukta7, ya mraba wa milimita 20, hapo chini kesho. Anayetaka ya milimita 25 azidishe kila namba kwa 1.25, ila akumbuke kwamba shingo nayo itakuwa milimita 4.